Kubadilisha Plagi na Filta ya Petroli kwenye Pikapu: Kwa Anayeanza Kazi ya Gereji

Pikapu iliyonifundisha kazi hizi mbili ilikuwa Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, ile ya petroli yenye silinda nne, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na ujazo wa sentimita za ujazo 2,366. Mwenye gari alikuwa akishuka na nyanya kutoka Ilula hadi Morogoro na kurudi Iringa na bidhaa za duka. Malalamiko yake yalikuwa kwamba barabara ikiwa tambarare gari linavuta vizuri, lakini likianza kupanda mlima wa Kitonga na mzigo linapungua nguvu, linakohoa, na mara nyingine linazima kabisa; akiliacha lipumzike kidogo linawaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo. Nilikuwa na miezi michache tu gereji, nikaona dawa yake ni plagi mpya, zile zinazotoa cheche ya kuchoma petroli, na filta mpya, vya zamani vitupwe, mteja apewe ufunguo wake. Dawa yenyewe haikuwa mbaya. Nilichokosea ni namna ya kuitoa, na ndiyo sababu ninakuandikia wewe unayeanza.

Kwanza uelewe kwa nini mlima ndio unaofichua ugonjwa. Kwenye tambarare injini inahitaji petroli kidogo, na hata filta iliyoziba nusu inaweza kuipitisha. Ukikanyaga mafuta mlimani, injini inakunywa kwa kasi kuliko filta inavyoruhusu, bakuli la kabureta linakauka polepole, na gari linazima. Ukisimama kwa muda, petroli inajikusanya tena, nawe unadhani gari limepona. Plagi nazo huonyesha udhaifu wake hapohapo, kwa sababu mgandamizo ndani ya silinda unapoongezeka cheche inahitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke pengo. Plagi ambayo ncha zake zimelika na pengo limepanuka itashindwa, na injini itaanza kumisi, yaani silinda moja au zaidi itakosa kuchoma mafuta zamu yake inapofika. Magonjwa haya mawili yanafanana sana kwa dereva, lakini kwako fundi hayapaswi kufanana, na kitakachokusaidia kuyatofautisha ni vile vitu vya zamani utakavyovitoa.

Anza na plagi, na anza injini ikiwa imepoa kabisa. Silinda hedi ya 22R, yaani sehemu ya juu ya injini ambamo plagi hufungwa, ni ya aluminiamu, wakati plagi ni ya chuma, na thredi (mistari ya kuzungushia) za aluminiamu yenye joto ni rahisi kuliwa. Shika kofia ya waya, usivute waya wenyewe. Izungushe kidogo kulia na kushoto mpaka iachie, kisha uitoe. Toa waya mmoja, maliza plagi yake, rudisha waya huo, ndipo uende kwenye unaofuata. Injini hii inachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukichomoa waya zote nne kwa pamoja bila alama, mpangilio huo utakuwa kichwani mwako tu, na kichwa cha mtu aliyechoka saa kumi jioni si mahali pa kuutunzia. Kabla ya kulegeza plagi, puliza vumbi lililojaa kuizunguka kwa kompresa, na kama hakuna kompresa hata pampu ya baiskeli itafaa. Barabara zetu za vumbi zinajaza mchanga kwenye kishimo hicho, na mchanga ukiangukia ndani utachuna ukuta wa silinda. Tumia soketi ya plagi ya milimita 21 yenye mpira ndani na uiweke wima, kwa maana ikilala upande kauri ya plagi hupata ufa mwembamba usioonekana, na cheche hupotelea hapo.

Sasa usitupe. Zipange plagi nne juu ya kitambaa safi kwa namba za silinda zake, kisha uziangalie mahali penye mwanga wa jua. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ina afya, hata kama imezeeka. Nyeusi yenye masizi makavu inakuambia kwamba injini inapata petroli nyingi kuliko hewa, pengine kwa sababu filta ya hewa imeziba au kabureta haijarekebishwa. Huku kwetu Iringa, tulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa pwani huleta masizi haya bila kuwa na kosa jingine lolote. Nyeusi inayong'aa na yenye utelezi ni oili inayopenya kwenye ringi za pistoni au kwenye valvu, na plagi mpya itachafuka vilevile usipomweleza mteja ukweli huo mapema. Nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge au ncha iliyoyeyuka, ni dalili ya joto kupita kiasi, na hapo usifunge plagi mpya kabla ya kujua chanzo. Ikiwa tatu ni za kahawia na moja imelowa petroli mbichi, silinda hiyo haipati cheche: chunguza waya wake na kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi.

Kwa injini hii plagi inayojulikana ni NGK BPR5EY. Jifunze kusoma maandishi hayo, kwa sababu yatakukinga na muuzaji anayekupa yoyote iliyopo rafuni akisema zote ni sawa. Herufi B inaonyesha thredi yenye kipenyo cha milimita 14, P kwamba ncha imejitokeza zaidi, R kwamba ndani kuna kizuizi cha kupunguza kelele kwenye redio, 5 ni kipimo cha joto, na E ni urefu wa thredi wa milimita 19. Urefu huo si jambo dogo: plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongana na pistoni, na fupi itaacha thredi za hedi wazi zijae kaboni. Pima pengo kati ya ncha mbili za plagi kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, hata kama boksi linasema limeshapimwa. Kwenye 22R linapaswa kuwa milimita 0.8. Ukirekebisha, kunja ile ncha ya pembeni tu, taratibu, bila kugusa ya katikati.

Hapa ndipo nilipoharibu. Mteja alikuwa amesimama nyuma yangu, nyanya zikiwa zimeshapakiwa, na injini ilikuwa bado ya moto. Plagi tatu ziliingia vizuri. Ya nne ilikataa tangu mzunguko wa kwanza, nami badala ya kuitoa na kuianza upya nikaweka racheti nikaisukuma. Nilihisi ukinzani wa ajabu, kama kukata kitu kigumu kisha laini, na racheti ikaanza kuzunguka bila kukaza. Thredi za hedi zilikuwa zimeliwa. Hedi ilishushwa, ikapelekwa kwa fundi wa kukereza kuwekewa thredi mpya, gari likakaa siku tatu, na nyanya zile zilisafiri kwa gari la kukodi ambalo lilizila faida zote. Mzee yule hakunigombeza. Alikaa tu kwenye benchi la gereji akizitazama kreti zake zikihamishwa, na mpaka leo nikishika plagi ninaiona sura yake.

Kwa hiyo anza plagi kwa vidole. Mahali pakiwa na kina, chukua kipande cha mpira wa petroli cha sentimita 20 hivi, kichomeke kwenye kichwa cha plagi, uzungushe nacho. Plagi ikiingia upande, mpira utateleza kabla thredi hazijaumia, jambo ambalo racheti haitakufanyia kamwe. Ikikataa, izungushe kinyume mpaka usikie mlio mdogo wa thredi kudondokea mahali pake, halafu uende mbele tena. Iingie kwa mkono mpaka ikalie, ndipo utumie spana: kipimo ni takriban nyutonimita 18, na kama huna spana ya kupimia nguvu, plagi mpya yenye washa yake inatosha nusu mzunguko au zaidi kidogo baada ya kukalia. Usipake grisi kwenye thredi. Nimewaona wengi wakifanya hivyo kwa nia njema, lakini utelezi wake hukudanganya ukakaza kuliko inavyotakiwa.

Filta ya petroli ni kazi fupi kuliko plagi, lakini ndiyo inayoweza kuteketeza gereji. Gereji zetu nyingi mchomeleaji yuko hatua tano tu kutoka kwako. Mwombe asimame, au usukume gari mbali naye, na uwe na ndoo ya mchanga au kizimamoto karibu. Toa waya hasi wa betri na ulegeze kifuniko cha tangi ili kuondoa shinikizo. Fuata mpira unaotoka kwenye pampu kuelekea tangini mpaka uione filta, iangalie mshale wake unaelekea wapi, na weka chombo chini kabla ya kulegeza klipu. Filta mpya inafungwa mshale ukielekea injini. Mipira ikiwa imepasuka au imekuwa migumu, ibadilishe kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira wa maji utalainika na kuvuja ukiwa umeshamkabidhi mteja gari. Ikiwa pikapu uliyopewa ni ya dizeli, mambo ni mengine kabisa: haina plagi za cheche, na baada ya kubadilisha filta lazima utoe hewa kwenye mfumo.

Filta ya zamani nayo isitupwe bado. Imwage kwenye chupa nyeupe ya kioo kupitia upande ule petroli ilikoingilia, uiache itulie dakika kumi. Ile ya Hilux ya nyanya ilitoa kutu laini kama majani ya chai yaliyosagwa, na chini kabisa likajitenga tabaka la maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Nilipomwonyesha mzee ile chupa alikumbuka mwenyewe kwamba njiani huwa anaongeza petroli ya madumu. Kumbe filta ilikuwa imefanya kazi yake vizuri, na tangi ndilo lililokuwa linaumwa; kama nisingeifungua, ningemuuzia filta ya tatu na ya nne. Tulishusha tangi, tukalisafisha na kulikausha, ndipo tukafunga filta mpya.

Ukirudisha waya wa betri, piga stati kwa sekunde chache, pumzika, kisha rudia, mpaka bakuli la kabureta lijae. Injini ikishawaka, pitisha kidole kikavu kwenye kila kiungio, ukinuse, halafu uangalie tena baada ya dakika kumi injini ikiwa na joto. Mwambie mteja arudi akishatembea kilomita mia mbili au tatu, ufungue plagi moja asubuhi injini ikiwa imepoa na uitazame rangi. Mzee wa nyanya alirudi wiki iliyofuata akitokea Morogoro na mzigo, akasema Kitonga ameipanda bila kusimama. Nilifungua plagi ya silinda namba 1 mbele yake, ikatoka na rangi ya kahawia hafifu, nikairudisha kwa vidole.