Kutofautisha 待 na 持
Ndugu, umesema kanji (herufi za Kijapani zilizotoka Uchina) 待 na 持 zinakuchanganya hata baada ya kuziandika mara mia. Acha kuandika kwanza, zitazame vipande. Kulia zote zina 寺, hekalu. Tofauti iko kushoto. 持 ina mkono: mtu kashika sadaka mlangoni mwa hekalu, ndiyo "kushika". 待 ina alama ya kwenda njiani: umesimama nje ya hekalu unamngoja mwenzio, ndiyo "kusubiri". Weka jua (日) hapo kushoto, unapata 時, "wakati". Mimi hukiona kivuli cha hekalu kikisogea.

Kisa kitunge mwenyewe, tena umtie mtu unayemjua. Ninayemngoja mimi pale njiani ni dada yangu, na tangu hapo 待 haijanitoka kichwani.

Ila picha inakupa maana, matamshi haikupi (ingawa 持 na 時 zote husomeka "ji" kama 寺 yenyewe, hiyo ni bahati ya kuitumia). Matamshi yashike ndani ya maneno: 待つ ni matsu, 持つ ni motsu. Kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136, usizikimbilie. Tano kwa siku zatosha.