Ticha, kuchora nako kunahesabika kwenye division? Maswali yenu ya masomo ya sanaa

Haya jamani, maswali yalikuwa yamelundikana, leo nayajibu kwa mkupuo. Mengi ni ya masomo ya sanaa sekondari, yani uchoraji (kwenye cheti utaona imeandikwa Fine Art), muziki na sanaa za maonesho. Mengine nimeyakata maana kuna mtu kaandika kurasa mbili kabla hajauliza chochote, nakupenda ila hapana.

SWALI: Shikamoo ticha. Nipo form two Morogoro, nataka kuchukua uchoraji lakini mzee anasema hilo somo halihesabiki kwenye division (daraja la ufaulu wa form four), ni la kupotezea muda. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee kakosea, ila usiende kumwambia hivyo hivyo. NECTA, baraza la mitihani, wanachukua masomo yako saba uliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, wanajumlisha basi. Hamna mahali wanauliza hii A ni ya fizikia au ya kuchora. Chukua karatasi ukae na mzee jioni akishakula, mpigie hesabu: una C tatu na D tatu, hizo tayari ni pointi 21. Somo la saba ukila F zinakuwa 26, hiyo division four. Somo la saba likiwa uchoraji ukapata B zinakuwa 23, hiyo division three. Mwache aangalie mwenyewe hizo namba mbili.

Sasa na mzee naye ana hoja, sema hajaisema vizuri. Kuingia form five wanaangalia credit (yani A, B au C) za masomo matatu ya kombi yako, au tahasusi, kwaiyo A ya kuchora haikupeleki PCB (fizikia, kemia, biolojia) hata uchore moyo na mishipa yake yote. Usitupe masomo mengine kabla hujajua unaelekea wapi. Tahasusi zenye masomo ya sanaa zipo, tangu 2024 orodha ya tahasusi iliongezwa sana na za sanaa zimo, ila sio kila shule ya advance inazifundisha, fuatilia mapema ni shule zipi ndo uanze kuota.

SWALI: Shuleni kwetu hamna mwalimu wa muziki ila tupo watatu tunajisomea wenyewe na tunataka kujisajili. Tutatoboa?

JIBU: Nitawakatisha tamaa kidogo. Mimi mtu akiniuliza kuhusu somo la sanaa siulizi kwanza kama ana kipaji, nauliza mwalimu yupo? Historia unaweza kujifungia ndani na notisi za kuazima ukatoka na C. Muziki una vitendo, lazima awepo mtu wa kukusikiliza akwambie hapo umeshuka, rudia. Nyie watatu mkisikilizana wenyewe mtakuwa mnakosea pamoja kwa raha zenu tu.

Fanyeni hivi: mwulizeni mkuu wa shule kama yuko tayari kusimamia hiyo sehemu ya vitendo, na vyombo vitatoka wapi. Tafuteni mwalimu wa kwaya anayesoma noti (anayesoma, sio anayekariri) akubali kukaa nanyi kila wiki. Vikikosekana vyote hivyo, chukueni somo jingine muziki mpige jioni. Na msingoje Oktoba ndo muanze kuhangaika, mtihani ni Novemba ila usajili unafanyika huku mwanzoni mwa mwaka.

SWALI: Napiga kinanda kanisani tangu darasa la tano, nimejifunza kwa kusikia tu. Muziki kwangu si itakuwa mteremko?

JIBU: Nusu mteremko, nusu mlima, na huo mlima huwa unawashangaza wapiga kinanda kuliko wale ambao hawajawahi kushika chombo kabisa.

Sikio lako litakubeba kwenye imla ya muziki. Ticha anapiga melodi fupi, anairudia, na wewe unatakiwa uiandike kwenye mistari mitano. Watu wa kanisani sauti wanaipata fasta, wanachokosa ni urefu wa noti. Nimesahihisha sana hizi. Wimbo uko kwenye mapigo matatu kwa kila ba (kile kipande kati ya mistari miwili ya wima), mtu anaandika minimu, mapigo mawili, anaweka krocheti, pigo moja, hapo ba imeshajaa lakini yeye anabandika na kweva, nusu pigo, juu yake, ba ina mapigo matatu na nusu na kashahamia ba inayofuata wala hana habari. Ukimwambia aimbe alichosikia anaimba vizuri kabisa, ukimwambia aimbe alichoandika anacheka mwenyewe.

Alafu kuna kile kitufe cha transpozi, kinachohamisha sauti yote juu au chini. Tunajuana. Wapiga kinanda wengi wa kanisani wanajua ki (ufunguo) moja tu, C, mwimbaji akitaka juu wanabonyeza kitufe, akitaka chini wanabonyeza kitufe, ibada inaisha. Darasani hicho kitufe hakipo, utaambiwa andika skeli ya G na usipoweka F shapu yako, imekula kwako. Kwaiyo anza leo, zima transpozi, wimbo mmoja mwepesi upige kwenye C, kisha G, kisha F. Utaona vidole vinavyogoma.

Kama kwaya yenu inatumia solfa za herufi, zile d r m f s l t, usizitupe, zinakusaidia kusikia umbali kati ya sauti na sauti. Ila kumbuka do inahama kila ki inapobadilika, wengi wanapotelea hapo.

SWALI: Mimi siwezi kuchora hata mtu wa vijiti. Naweza kujifunza?

JIBU: Unaweza. Kuchora ni kuangalia, mkono unafuata baadae. Weka sufuria mezani, ichore kila siku wiki nzima bila kufuta, kisha weka michoro yote sakafuni uiangalie kwa pamoja. Ukiona ya mwisho inafanana na ya kwanza, rudi tuongee.

SWALI: Ticha rangi na kanvasi ni bei mbaya, nyumbani hali yetu ya kawaida tu. Niachane na uchoraji?

JIBU: Hapana. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru 1932, hakuanza na kanvasi. Alikuwa anachora kwenye hadibodi kwa rangi za makopo, zile za kupakia baiskeli, na kuuza pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki 1972, kazi yenyewe aliifanya miaka michache tu, na mpaka leo mtindo wake unaitwa kwa jina lake na wachoraji wapo palepale wanauza. Hizo rangi zinazong'aa ambazo wageni wanazifuata mpaka huku, chanzo chake ndo hayo makopo.

Sikwambii uende kwenye mtihani na rangi ya baiskeli lakini. Kwa kujifunza unahitaji penseli tatu, 2B, 4B na 6B, na karatasi hata za upande mmoja zilizotupwa ofisini. Mkaa wa jikoni ukiuchagua vizuri, ule mwembamba ulioiva, unatoa kivuli kizuri tu. Mwaka wa kwanza wote shughuli ni mwanga na kivuli, hakuna rangi ya kununua hapo. Mkifika kwenye rangi changeni darasani, mnunue nyekundu, bluu, njano na nyeupe, nyingine mtachanganya. Anayekulazimisha ununue boksi la rangi 24 form one anakuonea.

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Mimi ni msichana wa Unguja, form one, natamani kupiga ganuni lakini nyumbani wanasema mambo ya muziki si ya mtoto wa kike.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Huko huko kwenu Unguja, binti wa Fumba, Siti binti Saad, mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Miaka karibu mia iliyopita, kwa meli. Kwaiyo hoja ya mtoto wa kike Zanzibar ilishajibiwa zamani, ila najua nyumbani kwenu hawabishani na Siti, wanabishana na wewe, na wanachoogopa huenda sio ganuni yenyewe, ni kurudi usiku na kupiga maharusini na watu wasiowajua.

Ongea nao hapo sasa. DCMA, chuo cha muziki kilichopo Mji Mkongwe tangu 2002, wanafundisha ganuni, udi, fidla na vyombo vingine vya taarabu. Mwombe mama au khalati yako mwende pamoja mchana siku moja, akae tu asikilize mtu akifundishwa. Ataona kazi yenyewe ilivyo: chombo kiko mapajani, nyuzi zaidi ya sabini zimepangwa tatu tatu, na kabla mtu hajapiga wimbo anakaa muda mrefu anatyuni. Uhuni unaingilia wapi hapo. Ukianza usimalize kwanza hamu yote, mitihani ya form two ipo, na ukiifeli ganuni ndo itakayolaumiwa.

SWALI: Nataka kuwa staa wa bongo muvi, kuna haja gani ya kusoma sanaa za maonesho mpaka form four?

JIBU: Kama unataka kuonekana tu, hakuna, nenda. Kama unataka kazi, sikiliza. Kwenye somo utakutana na kuandika mchezo, kupanga jukwaa, mavazi, taa, historia ya maigizo, na ngoma zetu. Nina wanafunzi walioingia wakijua ni somo la kulia mbele ya kamera, wakakuta wanatakiwa kucheza lizombe ya Wangoni na kueleza kwa maandishi inachezwa lini, na nani, na kwanini. Kucheza walicheza, hayo maandishi sasa.

Na seti moja ya filamu ina waigizaji wachache na watu wengi nyuma ya kamera ambao nao wanalipwa, na wengi wao hawapokonywi kazi na sura mpya kila mwaka. Baada ya form four kuna TaSUBa pale Bagamoyo, ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa na 2007 ikawa wakala wa serikali, wana cheti na diploma. Kuingia ngazi ya cheti wanataka ufaulu wa masomo manne, ya dini hayahesabiwi. Kwaiyo hiyo form four unayotaka kuiruka ndo mlango wenyewe.

SWALI: Mwalimu hujambo, niko Mombasa. Kijana wangu yuko Gredi ya 9, yeye anataka mkondo wa Sanaa na Michezo, babake anataka STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu). Nimebaki katikati.

JIBU: Sijambo mama, pole na hao mabwana wawili. Kwenu kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, kwaiyo una bahati, kuna wazazi waliotangulia wa kuwauliza. Mwambie baba watoto kwamba mkondo wa sanaa hauondoi Kiingereza wala Kiswahili wala hesabu, hizo ni lazima kwa wote pamoja na somo la huduma kwa jamii, tofauti ni kwamba hesabu ya STEM ni nzito zaidi. Kinachobadilika ni yale masomo matatu ya kuchagua, na hapo ndo ziko muziki na dansi, maigizo na filamu, sanaa za uchoraji, na michezo.

Ila wasibishane kwa maneno. Kwanza tazameni kazi za kijana za Sanaa Bunifu na Michezo tangu Gredi ya 7, sio alama tu, kazi zenyewe. Pili angalieni shule, maana STEM utaikuta kila mahali lakini sanaa iko kwenye zile zenye mikondo yote mitatu. Mkichagua shule kwa jina lake tu, mtoto atapelekwa mkondo uliopo. Baba akishinda kwa njia hiyo atakuwa hajashinda.

SWALI: Naruhusiwa kuchukua muziki, uchoraji na maonesho vyote vitatu?

JIBU: Omba, ratiba ya shule itakujibu kwa niaba yangu. Ikikubali, chukua viwili.