Kwa mpiga ala anayetaka kuhamia upande wa pili wa kioo

Wadogo zangu wa bendi na kwaya mnaotaka kuwa watunzi na maprodyuza, swali lenu la kwanza huwa la vifaa: kompyuta gani, maiki gani, spika gani. Hilo jibu lake jepesi. Maiki moja nzuri, kadi ya sauti (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) yenye matundu mawili, hedifoni zisizovujisha na chumba kisicho na mwangwi, hata kama umeegemeza magodoro ukutani, vinatosha kuanzia. Kazi iko kwenye vidole vyako. Miaka yote umezoea kusikilizwa wewe, na sasa unalipwa ili mwingine asikilizwe.

Mtazameni Nile Rodgers. Alipitia bendi ya ukumbi wa Apollo, New York, akipiga gitaa, kisha akaunda bendi ya Chic pamoja na mpiga besi Bernard Edwards, na baadaye akawa prodyuza. Mwimbaji wa Uingereza David Bowie alipomletea "Let's Dance", ulikuwa wimbo mpole wa kupigwa na mtu mmoja kwa gitaa la nyuzi 12. Rodgers akaupangua akaupanga upya mpaka ukachezeka. Albamu ya Bowie yenye jina hilo hilo ilirekodiwa New York kwa siku 17 hivi, ikatoka 1983. Na gitaa la solo? Alipewa Stevie Ray Vaughan, kijana wa Texas ambaye wakati huo hakuwa na albamu hata moja sokoni. Nawajua wapiga gitaa wetu: wengi wangegoma kumwachia mwingine solo.

Kwa hiyo jizoezeni hivi. Wimbo ukikamilika, zima ala uliyopiga mwenyewe, kisha usikilize mwanzo hadi mwisho. Kama hakuna kilichopungua, iache imezimwa. Inauma, hasa kama ulikesha nayo.

Kwenye utunzi kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi. Mkazo wa Kiswahili, isipokuwa maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiimba "nakupenda", uzito uko kwenye "pe". Sasa mtu anapakua biti mtandaoni iliyopangwa kwa kufuata mashairi ya Kiingereza, ambayo mara nyingi mstari wake huishia kwenye silabi nzito, halafu anaibandika "nda" juu ya kiki, yaani pigo la ngoma nzito, tena kwa noti ndefu. Msikilizaji hajui kasoro iko wapi, ila anahisi mwimbaji anaongea kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Dawa yake ni kuusema mstari kwanza, kwa sauti ile ile ya kuongea na mtu sebuleni, huku ukipiga makofi. Makofi yakishakaa ndipo utafute melodi. Wakati mwingine inatosha kuanza mstari nusu pigo mapema, "pe" ikaangukia pigo la kwanza na "nda" ikajifia yenyewe. Waliokulia kwenye taarabu na mashairi ya mizani hawapati tabu sana hapa. Wanaohangaika zaidi ni wanaotokea kwenye biti.

Kurekodi sauti kunataka adabu kuliko ufundi. Mwimbaji akishuka chini ya noti mara kwa mara, usimtangazie mbele ya washikaji waliojazana kwenye kochi. Watoe nje kwa kisingizio cha soda. Kisha punguza biti kwenye hedifoni zake, maana mara nyingi anashuka kwa kuwa haisikii sauti yake mwenyewe. Na bonyeza kurekodi tangu anapopasha koo. Sauti ya mtu asiyejua kuwa anarekodiwa ina utulivu ambao baadaye hauombeki.

Pesa. Wimbo mmoja una haki mbili: utunzi, yaani maneno na melodi, na ile rekodi yenyewe. Prodyuza aliyechangia melodi ana fungu kwenye utunzi, lakini aliyeuza biti kwa malipo ya mkupuo bila maandishi atapata shida kulidai. Andikeni mgawanyo kabla mtu hajaondoka studio, ukurasa mmoja tu: majina kamili, asilimia, saini, tarehe. Tanzania, kasajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya, kwa miaka mingi vyama vya kukusanya mirabaha viligawanywa hivi: watunzi walikuwa na MCSK, wenye rekodi KAMP, na waimbaji na wapigaji PRISK, kwa hiyo aliyetunga, akapiga na kugharamia rekodi mwenyewe alikuwa na sababu ya kubisha hodi zote tatu.