Ukiitwa kuchora soda ukutani, tazama kwanza ukuta unaelekea wapi

Juzi kijana mmoja wa Wete kanitumia meseji, ndo anaanza kazi hizi za rangi na mabango kama nilivyoanza mie, kapata tenda ya kuchora duka zima, kikatuni kinakunywa soda, na mbele ya duka ni skuli. Anauliza, "Kaka nichaji ngapi?" Bei sikumtajia. Nimemsimulia haya, na nyie wenzangu wa fani sikilizeni.

Tenda yangu ya kwanza kubwa hapa Chake ilikuwa ya namna hiyo hiyo, ukuta wa duka unatazama skuli. Wallahi nilijiona nshafika, maana hata brashi nilikuwa naazima. Jamaa alieleta kazi kanionesha picha kwenye simu, chupa na mdoli anacheka, akanambia, "Macho ya mdoli yashushe, yawe usawa wa mtoto wa darasa la kwanza." Nikaona huyu ndo mtaalamu, nikapima kwa kijiti. Mnaochora mnajua, chupa si kazi, kazi ni yale matone ya baridi ubavuni, kila tone doa jeupe na kivuli cha buluu chini yake, nilikaa siku nzima kwenye matone tu jua linanichoma kisogo. Yalitoka mpaka watu wazima wakipita wanayagusa. (Sijisifu, lakini tone kama lile Pemba bado sijaliona.)

Sasa mwanangu alikuwa darasa la kwanza, skuli hiyo hiyo. Haijafika wiki ya pili hataki maji, hataki sharubati ya mabungo ya bibi yake, anataka "soda ya baba". Kwake yeye lile halikuwa tangazo, kile ni kitu cha baba yake na wenzake darasani wanamwambia soda ya baba ako tamu. Nitamkataliaje? Nikawa nanunua, pesa za tenda zikarudi dukani pale pale kidogo kidogo. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai saba na zaidi, mtoto mwenyewe kama kijiti. Gego likatoboka, siku ya kung'olewa mie ndo nilomshika mikono.

Basi mwaka jana jamaa karudi na ukuta mwengine, nao unatazama skuli. Nikakataa. Akacheka, "Sheria gani imekukataza?" Siku ile sikuwa na jibu na iliniuma, usiku nikakaa na simu nikatafuta. Kumbe wenzetu wamelifikiria hili zamani. Quebec, kule Kanada, tangu 1980 mfanyabiashara hatakiwi kumtangazia mtoto chini ya miaka 13, si chakula tu, kitu chochote. Chile walianza 2016, vyakula vilivyozidi sukari, chumvi au mafuta vikapigwa alama nyeusi ya pembe nane na vikatuni vya kuvuta watoto vikatolewa kwenye maboksi. London tangu 2019 mabasi yao na treni za chini ya ardhi hazibandikwi matangazo ya vyakula hivyo. Na Shirika la Afya Duniani 2023 likashauri nchi ziweke sheria ya lazima, sio kuziachia kampuni zijichunge zenyewe. Na kweli, yule jamaa aliesema macho ya mdoli yashushwe angejichunga nini?

Mnaniuliza ushauri, ushauri wangu ndo huu: kabla ya bei, uliza ukuta unatazamwa na nani. Ukiambiwa shusha macho ya mdoli, jua anaesemeshwa hapo si mama mtu mwenye pesa. Na kataa mapema, kabla hujashika advansi. Tuogope kidogo jamani, mtoto hajui kama anauziwa, anajua anachekewa tu, na mkono unaochora kile kicheko ni wangu na wako.

Tenda ile kapewa mtu niliemfundisha mie kushika brashi. Salamu siku hizi ananipa akiwa ng'ambo ya barabara. Matone kayachora mabaya, yamekuwa kama tetekuwanga.

Yule kijana wa Wete nimemwandikia yote haya, karibu saa nzima nagonga simu. Kanijibu saa nne usiku: "Shukran kaka. Ila advansi nshaila."