Jibu kwa dada fundi nguo anayeumwa vidole: cherehani usiiuze

USIUZE! Nimesoma swali lako nikiwa kwenye daladala hadi nikapitiliza kituo. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, asubuhi hushiki mkasi mpaka jua lipande, halafu mtu kakupima kwa "mashine ya mwili mzima", ile ya kushika kichuma kiganjani, akasema una sumu kwenye damu na dozi ni laki nne, nawe unauliza kama uuze cherehani uilipie. Mdogo wangu, mashine hiyo naijua. Mimi iliniambia uteute, yale maji ya kulainisha viungo, umeisha, ini limechoka na mayai yamezeeka, yote kwa dakika moja. Ilibaki kunitajia mbunge ajaye.

Nauza chapati hapa Mwanza, na wakati ule nilikuwa na friza ya juisi na samaki. Vidole vilipogoma kukanda unga nilipiga hesabu ya mama lishe yeyote: nikifunga siku nzima kwenda hospitali ya Bugando, hela ya mchezo wa kupeana naitoa wapi? Na wateja wakionja chapati za jirani watarudi? Yule tapeli wa mashine alikuwa hatua chache kutoka kibandani kwangu, hana foleni, ananiita "mama mzuri". Basi mama mzuri akauza friza alipie dozi. Chapati zilikuwa zinatulisha tu. Kodi na ada za watoto zilikuwa zinatoka kwenye friza, na hilo nililijua vizuri mwenye nyumba alipoanza kugonga mlango.

Kibaya zaidi, ile dawa yake ya unga ilifanya kazi! Wiki haijaisha nakunja ngumi, nakanda, nampelekea na wateja wapya bila kudai hata soda. Uso ukajaa, mtaa ukasema ndoa imenikubali. Nami nikakubali, nani anakataa sifa? Daktari nilipomfikia hakuanza na vidole, alinitazama uso akauliza nimekuwa nikitumia nini. Akanieleza kwamba baadhi ya hizi zinazoitwa dawa za asili huchanganywa na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, kama deksamethazoni. Uvimbe unashuka, maumivu yanapotea, unadhani umepona, kumbe ugonjwa unaendelea kutafuna viungo, huku uso unajaa, sukari inapanda na mifupa inadhoofika. Unga wa yule tapeli haukupelekwa maabara, lakini sukari yangu ilikuwa juu, na siku hela ilipokata na unga ukaisha, binti yangu ndiye alinivalisha nguo.

Eksrei ilionyesha mifupa ya vidole imeshalika, na iliyolika hairudi. Ni baridi yabisi: kinga ya mwili inashambulia viungo vyako mwenyewe. Haijali umri, na haitokani na maji ya baridi wala nyama ya sikukuu. Nikaandikiwa methotrexate, vividonge vidogo ambavyo bei yake haikaribii ya unga wa yule mhuni. Sikiliza hapa: ni siku MOJA kwa wiki, pamoja na vitamini ya foliki asidi siku utakayoelekezwa. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Na kama unafikiria kupata mimba, mwambie daktari kabla hajaandika. Kinachobana ni nauli, vipimo vya damu vya kuangalia ini, na siku za kufunga kibanda. Yote hayo friza ingeyalipa yenyewe kwa juisi, kama ningekuwa nayo.

Kwa hiyo usimpe mtu hela ya dawa kabla hajakuandikia jina la ugonjwa. "Sumu kwenye damu" si jina. "Uteute umeisha" si jina. Aandike kwenye karatasi, aweke sahihi. Akikataa, ondoka na pochi yako. Na wewe uliyechangia hapo juu kwamba mama yako kapona kwa dawa kama hizo ndani ya wiki mbili, rudi mwakani utupe habari, tupo.

Bima: kama una kadi, uliza dirishani kabla ya kumuona daktari wanalipia vipimo gani, usije ukashtukia mwishoni. Cha muhimu nenda mapema, ukifika sema moja kwa moja kwamba asubuhi vidole vinakakamaa kwa zaidi ya saa nzima na ni mikono yote miwili. Usiseme tu "mwili unauma", utarudi na panadol.

Kama umeshaanza kuunywa huo unga, usiukatishe ghafla na usiutupe. Utie kwenye pochi, daktari auone, yeye ndiye akwambie unaachaje.