Tizi peke yako au na mwenzako? Maswali yenu

*Shikamoo. Nakimbia na mume wangu alfajiri hapa Shangani. Yeye ana mbio, mimi natweta nyuma, narudi nimenuna hadi mchana. Niache? (Mama, Mtwara)*

Marahaba mama. Usiache kukimbia, acha kumfukuzia. Wengi wetu tunajisikia vizuri katika mwendo unaoruhusu maongezi. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, huo ni mwendo wake, si wako. Tokeni pamoja, yeye atangulie, akifika mbali ageuze aje akukute, kisha mrudi nyumbani mkitembea na kupiga soga. Hiyo ndiyo sehemu itakayokunyoosha uso. Na akianza ukocha ambao hukumwomba, mwelekeze uwanja wa Nangwanda Sijaona, huko ndiko kwenye wachezaji.

*Eti mazoezi ya kundi yana raha zaidi, au porojo? (Kijana, Mtanda, Lindi)*

Si porojo. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwapima wapiga makasia wa chuo hicho. Walipovuta mashine kwa pamoja walistahimili maumivu kuliko kila mtu alipovuta peke yake, na jasho lilikuwa lilelile. Watafiti walihisi ni kazi ya endofini, kemikali ya mwilini inayotuliza maumivu na kuleta raha. Wanamichezo walikuwa 12 tu, kwa hiyo tusiikuze habari. Ila wewe uliyekimbia mchakamchaka shuleni unajua: wimbo ukikolea, hata mvivu anafika.

*Napenda kukimbia peke yangu njia ya Mikindani. Wenzangu wanasema najidai. (Muuza duka, Mtwara)*

Waache waseme. Anayeshinda na wateja kutwa ana haki ya saa moja ya kimya, na kichwa kinapumzika vilevile. Kimbia ukitazamana na magari, basi. Ninachokuomba ujiulize ni kimoja: unapenda upweke huo, au umechoka kuona watu? Kama ni hilo la pili, na usingizi umekata, chakula hakipiti, na hali hiyo imefika wiki mbili, nenda kituo cha afya. Mazoezi husaidia huzuni, lakini hayachukui nafasi ya matibabu.

*Msimu wa korosho sina muda wa tizi. (Mkulima, Newala)*

Unalo tayari. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa wastani, na kazi ya shamba imo. Tafuta tu jirani mcheshi wa kuokota naye.