Weka Chini Hicho Kikata-Kolamu

Wadogo zangu, juzi nimemkuta mwenzenu kwenye mashine yetu ya kromatografia ya gesi, oveni iko wazi, kikata-kolamu mkononi, anataka kupunguza nusu mita ya kolamu (ule mrija mwembamba mrefu ambamo gesi huisukuma sampuli na vitu vyake vikatengana) kwa sababu "vilele vimenenepa". Vilele vipi? Vyote, akasema. Nikaangalia kromatogramu, ule mchoro ambao kila kitu kinachotoka kwenye kolamu huonekana kama kilele. Kipana kilikuwa kimoja tu, kimekaa katikati ya vyembamba visivyo na tatizo lolote. Hicho wala si cha sampuli ile. Ni masalia ya sampuli iliyotangulia: kitu kizito kilichochelewa kutoka kikajitokeza kwa jirani. Refusha programu ya joto, oveni ipande hadi juu na ikae hapo dakika kadhaa, kisha dunga blanki, yaani kiyeyushi kitupu bila sampuli. Kolamu ina kosa gani hapo?

Haya nimeyasema kwa mdomo mpaka koo limekauka, sasa nayaandika.

1. Soma vilele kabla ya kushika spana. Vikiwa vipana vya mwanzo tu, anza na injekta (mahali sampuli inapodungwa) na joto la kuanzia. Vikiwa vipana vyote, tangu cha kwanza, angalia mwendo wa gesi, jinsi kolamu ilivyofungwa, na ditekta (inayopima kinachotoka mwisho wa kolamu). Kama oveni imekaa joto moja na vilele vinanenepa kadiri muda unavyokwenda, hiyo ndiyo kawaida yake. Weka programu ya joto.

2. Ukidunga bila spliti, yaani bila kumwaga sehemu ya sampuli kabla haijaingia kwenye kolamu, oveni ianze nyuzi 10 hadi 20 chini ya mchemko wa kiyeyushi. Heksani huchemka kwenye 69, na bado kuna mtu humu anaanzia 90 halafu anailaumu standadi, ile sampuli ya kulinganishia yenye viwango vinavyojulikana.

3. Gesi ya meki-apu, ile ya nyongeza inayoingizwa kwenye ditekta. Hapa mnivumilie, maana hili lilinitoa jasho. Tulikuwa na ECD (ditekta ya kunasa elektroni) ya zamani, vali zake za kufungua kwa mkono, tunapima mabaki ya viuatilifu kwenye maharagwe machanga ya kusafirishwa nje. Jumatatu nikadunga standadi: vilele vyote vimevimba na kuburuta mkia. Nikabadilisha septamu, kile kizibo cha mpira ambacho sindano hupenya kwenye injekta. Nikabadilisha laina, mrija wa kioo wa ndani ya injekta. Nikakata kolamu upande wa injekta, nikakata upande wa ditekta, nikarudia kukata. Kolamu ikafupika, viuatilifu vikaanza kutoka mapema kuliko jedwali letu, ikabidi nilipange jedwali upya. Mwishowe nikafunga kolamu mpya iliyokuwa imewekwa akiba. Vilele vipana vilevile! Friza imejaa sampuli, simu ya mteja haikatiki, na mimi namwambia kila anayepita kwamba standadi imeharibika.

Mzee wetu wa maabara akaja. Skrini hakuitazama hata kidogo. Akaweka kipima-mtiririko kwenye tundu la kutokea la ditekta: mililita mbili kwa dakika, yaani gesi ya kolamu peke yake, wakati pale tulitakiwa kuona 30 na zaidi. "Nani alibadilisha mtungi wa nitrojeni?" Kimya. Ni mimi. Nilifunga vali ya meki-apu wakati wa kubadilisha, sikuifungua tena.

Chumba cha ECD ni kikubwa mno kwa mililita moja au mbili zinazotoka kwenye kolamu. Bila meki-apu ya kuisukuma, dawa huzubaa mle ndani, na vitu ambavyo kolamu imekwisha vitenganisha vinachanganyika tena. Ndiyo maana hata kilele cha kwanza kilikuwa kipana sawa na wenzake. Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu tangu asubuhi. Na kwa kuwa nilibadilisha kila kitu kwa mkupuo, mpaka leo hatujui kama ile laina ya zamani ilikuwa na kasoro au niliitupa bure. Badilisha kitu kimoja, dunga, andika kwenye daftari, ndipo uguse kingine.

4. Kina cha kolamu kwenye injekta na ditekta pima kwa rula, usikisie. Kuteleza kwa milimita chache kunatosha kuharibu siku.

5. Kilele chenye umbo la pezi la papa kinasema umepakia kupita kiasi, kwa hiyo zimua au ongeza spliti.

6. Heliamu, gesi ya kusukuma sampuli kwenye kolamu, ikipanda bei mnahamia nitrojeni, sawa, lakini mwendo mnauacha palepale. Heliamu hustahimili sentimita 20 hadi 40 kwa sekunde. Nitrojeni hufanya vizuri karibu na 10 hadi 15, ukiikimbiza vilele vinatanuka. Ndiyo, utachelewa kwenda kula.

7. Unashuku ufungaji wa kolamu? Kama una FID (ditekta ya mwali wa moto), vuta gesi kidogo ya kiberiti cha gesi kwa sindano, dunga. Butani haishikwi sana na kolamu, kwa hiyo kilele chake kinatakiwa kiwe kama sindano. Kikiburuta mkia, kuna nafasi tupu au uvujaji mahali. Kwa kolamu ya mita 30, kikitoka kwenye dakika moja na nusu, gesi inakwenda sentimita 33 kwa sekunde. ECD haioni butani, tumia mvuke wa dikloromethani. Na aliyechukua kiberiti cha maabara kwenda kuvutia sigara, akirudishe kwenye droo.